Mchoro wa Gurudumu la Kushoto

Michoro ilikuwa ishirini, na kumi na tisa kati yake ilikuwa na adabu. Bi Koili aliichukua mmoja mmoja, akaulaza juu ya mstari uliochorwa na kompyuta, na kila mara mstari wa penseli na mstari wa kompyuta ikafuatana kama ndugu wa tumbo moja. Wa ishirini ulikataa. Aliugeuza, akausogeza, akaupuliza vumbi ambalo halikuwepo. Ukakataa vilevile. Huo ndio mchoro wa gurudumu la kushoto, na kama kuna mchoro mmoja duniani ambao angeomba ukubali, ni huo.

Bi Koili si jina alilopewa na wazazi. Alipewa na mafundi wa karakana ya ndege ndogo, alipokuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu anayeshinda kutwa akizungusha waya mwembamba kwenye vijiti, ulimi nje kwa bidii. Jina likamganda, na mwenyewe aliacha kulipinga zamani. Siku hizi ni mhandisi katika karakana ileile, ana kiti kinachozunguka na kompyuta mbili, na kazi yake ni kuifundisha kompyuta ijifanye karakana. Humo ndani kuna gurudumu ambalo si gurudumu, ufa ambao si ufa, na kalamu ya kupimia ambayo haijawahi kushikwa na mkono wa mtu. Mume wake, mwalimu wa historia, hupenda kuwaambia wageni kwamba katika nyumba yao mmoja anafundisha yaliyopita na mwingine anapima yasiyokuwepo.

Tuieleze kazi yenyewe, maana haina uchawi. Kalamu ni kijiti chenye koili ya waya kwenye ncha, ndogo kuliko punje ya mtama. Ukiipitishia umeme wa kwenda na kurudi na kuigusisha kwenye gurudumu la ndege, ndani ya metali huamka umeme mwingine, unaozunguka kama maji unapoyakoroga kwenye beseni. Usipokuta kizuizi unazunguka kwa raha zake. Ukikuta ufa, hata ule ambao jicho haliuoni, unalazimika kupinda, na koili huuhisi usumbufu huo na kuupeleka kwenye kioo cha mashine, ambako nukta ya kijani hupanda na kushuka. Ikipanda sana, gurudumu linatupwa. Ikipanda kidogo, pengine ni mkwaruzo tu. Ndiyo kazi nzima. Iliyobaki ni subira.

Na kwa subira hakukuwa na mtu wa kumfikia mjomba wake. Kaka wa mama yake huyo ndiye aliyemlea tangu baba alipoondoka akasahau njia ya kurudi. Ndiye aliyempeleka shule akimshika mkono, na ndiye aliyemwingiza karakana. Mafundi walimwita Mzee Polepole hata kabla hajawa mzee. Angeweza kulizunguka gurudumu moja kwa kalamu muda ambao wenzake wanapima matatu na kunywa chai juu yake, na ukimharakisha anaanza upya kutoka mwanzo, kwa makusudi kabisa, ili ujifunze.

Alikuwa na desturi yake ambayo hakuna kitabu kilichomwagiza. Nukta ya kijani ikipanda kwa namna ambayo haikumfurahisha, hata kama ni kidogo, alichukua kipande cha karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, akakibandika juu ya kioo cha mashine, akapitisha kalamu tena taratibu, huku mkono wa pili ukiifuata nukta kwa penseli iliyochongwa vizuri. Chini aliandika tarehe na namba ya gurudumu. "Maneno yanasahau," alikuwa akisema. "Mstari hausahau."

Karatasi hizo ndizo zilizomrudisha Bi Koili stoo. Mkuu wa karakana alikuwa amemwambia wazi: "Kabla hatujaiamini hiyo kompyuta yako, iulize mambo ambayo majibu yake tunayajua." Majibu yaliyojulikana yalikuwa kwenye maboksi ya mjomba: magurudumu yaliyotupwa, yakakatwa, nyufa zake zikapimwa urefu na kina. Alipofungua boksi la kwanza, harufu ikatoka naye mbio miaka kumi na saba nyuma.

Ilikuwa harufu ya spiriti na mafuta ya taa. Aliiona karakana ya zamani kabla haijajengwa hii ya vioo: mlango wa bati uliohitaji bega, redio iliyokuwa na stesheni moja na mikwaruzo mingi, chupa ya chai iliyozibwa kwa kizibo cha chupa nyingine. Akajiona ameketi kwenye kistuli, daftari magotini, anamwangalia mjomba akizungusha kalamu. Mjomba alikuwa akibana pumzi anapopima, na yeye bila kufundishwa akaanza kuibana pia, wakawa wawili kimya kama watu wanaomnyemelea panya. Kisha mjomba anashusha pumzi, anasema "Safi," na yeye anaandika *safi*. Zilikuwa siku nzuri. Si kwamba zimekuwa nzuri kwa sababu zimepita. Zilikuwa nzuri palepale, na alijua, na alikuwa akikaza mwendo asubuhi ili azifikie mapema.

Mpaka lilipokuja lile gurudumu.

Mjomba alilipima, akakuta nukta inapanda kidogo upande mmoja, chini kabisa ya mstari wa kukataa. Akachora, akaandika *mkwaruzo*, akalipitisha. Wiki kumi na moja baadaye ndege ndogo ilikuwa imeshatua salama, inajivuta kurudi kwenye maegesho, gurudumu la kushoto likagawanyika vipande viwili kama biskuti. Ndege ikalalia bawa. Hakufa mtu. Rubani alijiuma ulimi, akakaa wiki nzima bila kuweza kutukana, na mafundi wakasema hiyo ndiyo hasara kubwa zaidi, maana siku haikuanza vizuri bila matusi yake.

Lakini vipande vilipochunguzwa, ufa ulionekana ni wa zamani. Ulikuwa na weusi wa siku nyingi, na kina chake kilikuwa milimita nne. Ulikuwepo siku ya kupimwa. Halikuwa jambo la kubishana. Kamati ikautoa mchoro wa mjomba, ikautazama, ikatikisa vichwa. Ufa wa namna ile ulipaswa kuirusha nukta juu ya mstari wa kukataa mara mbili zaidi. Mashine ilijaribiwa, ikaonekana nzima. Kalamu nzima. Kwa hiyo, wakasema kwa heshima zote, mashine ilionyesha kikubwa na mzee akaona kidogo. Kwa kifupi: macho.

Hakufukuzwa. Alijifukuza. Wenzake walimfuata mpaka nyumbani, wakamwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, akawakaribisha chai, akawasikiliza, na kesho yake hakwenda kazini. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Daktari wa macho alimpima akamwambia macho yake ni mazuri kwa umri wake. Mjomba akatoka akisema daktari kijana mwenye huruma ni hatari kuliko mkali.

Tangu hapo aliacha jambo moja moja, kama mtu anayezima taa za nyumba. Aliacha kuendesha gari. Aliacha kutengeneza saa za majirani, kazi aliyoipenda kama mchezo. Alikataa kuwakata wajukuu kucha. Na katika familia jambo likageuka mzaha, kama mambo ya uchungu yanavyogeuka yasipopata pa kwenda: maharage yakiletwa kuchambuliwa, mjomba mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, "Mpeni mwenye macho," na watu wote wakacheka, Bi Koili akiwa mmojawapo.

Sasa mchoro wenyewe huo hapo mbele yake, na kompyuta inasema kama ilivyosema kamati.

Hakukubali. Alijiambia ni kwa ajili ya kazi, lakini tusidanganyane, ilikuwa kwa ajili ya mjomba. Siku tatu aliihoji kompyuta. Alibadilisha aina ya metali. Akailaza kalamu upande, akaidhania imeshikwa vibaya, ingawa kumdhania Mzee Polepole hivyo ilikuwa karibu na dhambi. Akaujaza ufa uchafu. Kila jaribio lilikula dakika arobaini, maana kompyuta ililigawanya gurudumu vipande maelfu kwa maelfu na kuhesabu umeme ndani ya kila kimoja, feni yake ikivuma kama imebebeshwa mzigo. Kila mara mstari ukatoka na sura yake, na sura ya mchoro haukuwa nayo hata mmoja.

Jumatano mchana aliiinua kalamu. Kidogo tu, unene wa unywele, isiguse metali. Mstari ukanywea, shingo ikapinda. Akainua tena. Alipokaribia nusu milimita, mstari wa kompyuta ukalala juu ya mstari wa penseli wote, mwanzo hadi mwisho, mpaka na kile kipindo kidogo chenye ncha ambacho siku zote alikidhania ni mtetemo wa mkono wa mzee. Mkono haukutetemeka. Mashine ilionyesha kidogo, na mjomba akachora kidogo, kwa sababu alikuwa anaona vizuri kuliko kamati nzima.

Bi Koili alipiga kelele ya furaha hata mtu wa ofisi ya pili akachungulia. Furaha yenyewe ilidumu kiasi cha kumeza mate. Kwa sababu swali linalofuata lilikuwa jepesi, na mtu yeyote wa kazi hii angeliuliza: ni kitu gani kiliiinua kalamu?

Kumbukumbu ikaingia bila hodi.

Ncha ya kalamu hulika. Ukiisugua kwenye metali siku baada ya siku koili inafikiwa, na kalamu imekufa. Ndiyo maana mjomba aliibandika kila asubuhi tabaka moja ya utepe mwembamba, halafu ndipo akaiweka kwenye kipande cha mfano, kile chenye mkato unaojulikana kina chake, akairekebisha mashine mpaka nukta ipande pale inapotakiwa. Utepe kwanza, kipande cha mfano baadaye. Na ukiigusa kalamu kwa lolote, unarudi kwenye kipande. Bi Koili alikuwa ameiandika sheria hiyo kwenye daftari lake kwa wino mwekundu.

Asubuhi ile mjomba alikuwa ameshamaliza yote hayo alipoitwa stoo kusaini vipuri. Bi Koili akaitazama kalamu, akaona utepe umeanza kuchakaa. Kalamu iliyotangulia ilikuwa imekufa kwa kulika, wakaingoja mpya miezi mitano, na mjomba akawa kama mtu aliyefiwa. Basi msichana, kwa mapenzi tu, akaongeza tabaka tatu juu ya ile moja, akazilainisha kwa kucha. Nukta kwenye kioo ikahama. Akabonyeza kitufe cha sifuri, ikarudi katikati, kioo kikawa safi kama hakuna lililotokea. Hakurudi kwenye kipande cha mfano. Mtu anayetenda wema hakumbuki kusoma sheria.

Mjomba akarudi, akapima magurudumu yote ya siku ile. Jioni Bi Koili akaubandua utepe, akaifuta kalamu kwa spiriti kama kila siku, akautupa. Kamati ilipoichukua kalamu kuijaribu, ilikuwa safi.

Wema hauozi, wanasema. Kilichomtia baridi Bi Koili si kosa lenyewe. Ni kwamba miaka kumi na saba hakuwahi kulikumbuka, hata mara moja, hata alipokuwa akicheka kwenye maharage.

Nyumbani alimweleza mume wake wakati wanakunja nguo zilizokauka. Mwalimu wa historia alisikiliza mpaka mwisho, akiwa na shati la mtoto mkononi.

"Mama watoto," alisema, "funika kombe mwanaharamu apite. Nani anajua? Wewe na kompyuta. Kompyuta haisemi."

"La kuvunda halina ubani."

"Halijavunda hilo, limekauka. Mjomba ameshazoea. Mwenyewe ndiye anayeanza kucheka."

"Anaanza yeye kwa sababu akichelewa, tutaanza sisi." Alilikunja shati lilelile mara ya tatu. "Anaishi kama kipofu, na anaona. Nimwache hivyo mpaka afe?"

"Na akikukataa? Huna baba mwingine wewe."

Hapo ndipo penyewe, na wote wawili walijua. Cheti cha kazi kingeweza kuchukuliwa, na angevumilia. Lakini mtu aliyekushika mkono kukupeleka shule akikugeuzia uso, unakwenda wapi? Bi Koili alikaa juu ya nguo zilizokunjwa, akazivuruga zote. "Akinikataa atakuwa na haki," alisema, na hakuona faraja yoyote katika kusema hivyo.

Alhamisi aliandika ripoti. Ijumaa aliiweka mezani kwa mkuu wa karakana, akamwomba asiisome mpaka Jumatatu. Mkuu alimtazama sana, akaifungia kwenye droo.

Jumamosi asubuhi akaenda kwa mjomba na kompyuta yake begani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Mwalimu anakulisha tarehe za vita tu?"

Alikuwa ameketi barazani kwenye kiti chake cha kamba, mikono juu ya magoti, hafanyi kitu. Mkaza mjomba alikuwa mkekani pembeni na sinia, akichambua maharage. Bi Koili alimsalimia, akaketi, akaanza kwa woga wake, yaani kwa kuchelewesha: akafungua kompyuta, akasema amekuja kumwonyesha kazi.

"Mimi na macho haya?"

"Tazama tu, mjomba."

Akatazama. Kwanza kwa adabu, kama unavyotazama picha za harusi za watu usiowajua. Kisha akasogeza kiti. Bi Koili alimwonyesha gurudumu lililogawanywa vipande, umeme ukizunguka kwa rangi, ufa ukiukatiza. Dakika chache baadaye mzee alikuwa ameinama mpaka pua inakaribia kioo, na kidole chake kilikuwa kinafuata rangi zile bila kuzigusa.

"Na hapa ufa unapoishia, mbona vipande vinakuwa vidogo zaidi?"

"Hapo ndipo umeme unapopinda sana. Ikienda kwa vipande vikubwa inakosea."

"Ala!" Mzee alicheka kwa furaha ya kweli. "Kumbe hata kompyuta pakiwa pabaya inakwenda polepole. Mke wangu, umesikia? Walinicheka bure."

Bi Koili angeweza kuishia hapo. Alimwona mjomba wake wa zamani, yule wa mlango wa bati, amekaa mbele yake akiuliza maswali mazuri, na alitamani asubuhi ile isiende popote. Akautoa mchoro kwenye bahasha, akaulaza juu ya kioo.

Mzee aliujua kabla hajasoma namba. Mkono wake ukarudi nyuma.

"Huo umeuleta wa nini?"

"Tazama, mjomba. Naomba."

Akauonyesha kwanza mstari wa kompyuta kalamu ikiwa imegusa: mkubwa, unapita juu ya mchoro. Kisha akaufungua ule mwingine. Ukalala juu ya penseli, ukajificha kabisa. Mzee aliutazama muda mrefu. Alikuwa amebana pumzi.

"Kalamu iko juu," alisema.

"Nusu milimita kasoro."

"Utepe." Akafikiri. "Lakini mimi naweka tabaka moja. Siku zote naweka moja."

"Uliweka moja. Tatu niliongeza mimi, mjomba. Ulipokwenda stoo kusaini."

Sauti ya maharage kwenye sinia ikakoma.

"Ukarudi kwenye kipande cha mfano?"

"Hapana. Nilibonyeza sifuri tu. Nilikuwa nataka isilike."

Mzee aliinuka, akaketi tena. Neno lake la kwanza halikuwa juu yake mwenyewe. "Siku ile tulipima magurudumu mangapi?"

"Sita. Matano yaliyobaki yalipimwa upya baada ya ajali, nimeziona karatasi zake. Yalikuwa mazima."

Akashusha pumzi. Mfanyakazi ndani yake alikuwa ameridhika. Ndipo mtu akapata nafasi. Uso ukambadilika taratibu, na Bi Koili, aliyekuwa amejiandaa kwa matusi, hakuwa amejiandaa kwa uso ule.

"Unajua mjukuu wangu wa kwanza alipozaliwa," mzee alisema, "walimleta hapa, wakasema kafanana na mimi. Nikamtazama. Nikaona kweli kafanana, hata masikio. Halafu nikajiambia, wewe nawe, macho yako hayo. Nikamrudisha kwa mama yake. Miaka kumi na saba kila ninachokiona nakiuliza kwanza kama kipo."

"Nisamehe, mjomba."

Mkaza mjomba aliweka sinia chini kwa nguvu hata maharage yakaruka. "Kwa hiyo macho mazima," alisema, "na mimi miaka yote hiyo nachambua peke yangu?"

Alikusudia kuokoa jahazi, maskini, kama alivyozoea. Mzee akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio. Alilia wazi, bila kujificha uso, kama mtu ambaye hajui watu huwa wanafanyaje. Bi Koili hakuwa amewahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa dada yake. Akapiga magoti kwenye saruji, akamshika miguu, naye akalia, na mkaza mjomba akaingia ndani kutafuta maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Ilichukua muda. Mzee alipojifuta, aliuliza, "Ripoti umeandika?"

"Nimeandika. Yote niliyoyafanya yamo."

"Na mimi umeniandikaje?"

"Kwamba mpimaji alichora kile alichokiona, na alichokiona kilikuwa sahihi."

"Rudia."

Akarudia.

"Tena."

Akarudia mara ya tatu, neno kwa neno, na mzee akasikiliza macho yameelekea kwenye mchoro, midomo ikimfuata.

"Ningejua siku ileile," alisema baadaye, "ningekufukuza kazi kabla ya chai. Ningekwenda mwenyewe kumwambia mama yako sababu."

"Ungekuwa na haki."

"Usinigawie haki. Haki naijua." Sauti ilikuwa kali, na Bi Koili akainamisha kichwa. "Ningekufukuza, na leo usingekuwa na hiyo kompyuta, na mimi nisingejua. Hilo nalo linaniudhi. Sijui nimkasirikie nani amalize hasira zangu zote."

Alimsindikiza mpaka getini kama desturi yake, ila hakumbebea mfuko. Alitembea mbele. Akafungua komeo, akalishika geti.

"Jumamosi ijayo usije," alisema. "Nitakuwa na hasira na wewe, na sitaki uzione."

"Sawa, mjomba."

Akatoka. Alikuwa ameshavuka mtaro, njia nzima imefunikwa na ukungu wa machozi, aliposikia anaitwa kwa jina lake la nyumbani. Mzee alikuwa bado ameshika geti.

"Njoo ile inayofuata."